Punje Niliyosema Nimeiuma

Ukiniona nimekaa kimya na midomo nimeifumba, usidhani nina busara. Sina meno. Nimeanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mnaoingia kazi ya kukagua kahawa mna tabia ya kuniamkia kwa kuinama sana, shikamoo mzee, shikamoo mzee, kana kwamba ndani ya kichwa hiki cheupe kuna kitu kimewekwa akiba. Hakuna. Mbuzi naye ana ndevu, na hakuna anayemwendea kuomba shauri. Nimekagua kahawa katika ghala la Nyaishozi, hapa Karagwe, miaka ishirini na ushei, na katika miaka yote hiyo nina jambo moja tu la kuwaachia, nalo si la kujivunia.

Nasikia huko Bukoba mjini wameleta mashine. Unatia kahawa, unasubiri kidogo, mshale unakuambia kama imekauka. Vizuri. Mashine haizeeki kwa aibu. Sisi mashine ilikuwa mwili wenyewe, na mwili, wajukuu zangu, hauna vipuri.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mhaya kutoka upande wa Muleba, tukimwita Tata Ishengoma. Alikuwa mfupi, mkali, na koti lake lilikuwa na mifuko minne iliyojaa punje za kahawa, hata alipokwenda kanisani alikuwa akilia chekechekecheke. Mkulima akileta gunia lake la kahawa ya maganda, mkaguzi ndiye anayesema imekauka au haijakauka. Ikikauka inakwenda kwenye mizani. Isipokauka inarudi nyumbani ikaanikwe tena, maana gunia moja bichi likiingia ghalani linavunda na kuvundisha ya jirani. Kwa hiyo neno lako ni zito. Mtu amepalilia, amechuma, ameanika, amefukuza kuku mwezi mzima, halafu anasimama mbele yako akikutazama mdomoni.

Tata Ishengoma alinifundisha kuanza na mkono. Unauzamisha kwenye gunia mpaka kiwiko, kwa sababu juu ya gunia ni mahali pa kuweka heshima na chini ni mahali pa kuweka ukweli. Kuna mama mmoja wa Bugene, nakumbuka, alileta gunia lililokauka juu kama changarawe, na chini mkono wangu ukatoka na umande. Nikamwuliza, mama, hii vipi? Akaniambia bila kupepesa jicho kwamba ile ya chini imetoka jasho kwa kubebwa. Hata Tata Ishengoma, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alikwenda kusimama nyuma ya ghala kidogo.

Baada ya mkono ni sikio. Unafumba konzi, unatikisa. Iliyokauka inacheza ndani ya ganda lake, unaisikia. Mimi wiki ya kwanza, kwa bidii ya ujana, niliigandamiza konzi sikioni, na sisimizi aliyekuwa humo akaona amepata nyumba. Niliruka ruka mbele ya wakulima wote mpaka Tata Ishengoma akanilaza chini na kunimiminia maji ya uvuguvugu. Tangu hapo nilitikisa konzi chini ya bega, na nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Mwisho ni jino. Unamenya ganda, unatoa punje, unaiuma kwa meno ya mbele. Ikiwa haijakauka inalipokea jino na kubaki na alama. Ikikauka inagoma, halafu inalia ka! Tata Ishengoma alisema mkono unaweza kudanganywa na jua la asubuhi, na sikio likadanganywa na kelele za watu, lakini jino halihongeki. Nikalishika neno hilo. Nilikuwa na meno wakati ule, thelathini na mawili, na nilitembea nayo kama mtu mwenye ng'ombe.

Sasa sikilizeni alivyoacha kazi. Asubuhi moja alikuja amefunga kitu kidogo kwenye kipande cha jani la mgomba. Akakifungua mezani karibu na mizani. Lilikuwa jino lake la mbele. Pembeni yake akaweka ufunguo wa ghala. Akasema kazi imekwisha, yaliyobaki mdomoni ni ya kupambia tu, hayajui kitu, na yeye hawezi kumwambia mtu kahawa yako ni mbichi kwa kubahatisha. Msimamizi wa ghala akamsihi, mimi nikamsihi, akavaa kofia akaenda zake. Mimi nikapewa ufunguo, na jino akalisahau pale mezani.

Kisa hicho nimekisimulia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, miaka mingi kama kichekesho. Mzee mzima anaacha kazi kwa ajili ya jino moja! Nilikuwa nikiigiza jinsi alivyolifungua lile jani polepole, watu wakimwaga pombe kwa kucheka. Nilimwona mjinga.

Uzee haubishi hodi. Kwangu ulianzia kwenye vidole. Vilikakamaa, nikizamisha mkono kwenye gunia sijui kama nimeshika kahawa au kokoto. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi, nayo ikaendelea mpaka saa nane mchana. Kisha sikio la kulia likafunga duka. Nikamlaumu yule sisimizi. Kisha nikaanza kusahau majina, nikimwita kila mtu "mwenzangu", na watu wakasema tazama alivyo mnyenyekevu.

Meno ndiyo yaliyoniumiza roho. La kwanza liliondoka na muwa. La pili na la tatu yaliondoka bila sababu, kama wageni walioona giza linaingia. Ilipofika mwaka wa pili baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, mbele palikuwa wazi kabisa, juu na chini. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kuongea bila kufungua midomo, na kwa kuwa kuongea hivyo ni kazi, nikaongea kidogo. Niliacha kucheka. Niliacha kupiga mluzi. Na hapo, wajukuu zangu, ndipo nilipokuwa mwenye hekima.

Msicheke, ni kweli. Walinifanya mzee wa kanisa. Watu waliogombania mpaka wa migomba walikuja kwangu kutoka Kayanga, nami nikawasikiliza kwa sikio moja na kusema "Mm." Yule wa kushoto akajua nimemuunga mkono, yule wa kulia naye hivyo hivyo, wakaenda nyumbani wamepatana. Mke wangu ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinipondea maharage. Yeye meno yake yote yalikuwepo, mpaka leo yapo, na hajaacha kunionyesha.

Na ghalani? Ghalani nilikuwa mwigizaji. Namenya punje, naipeleka mdomoni, naielekeza kwenye ufizi, halafu nagonga ulimi juu ya kaakaa, ka! Watu wanasikia. Natema, naamua. Nilikuwa naamua kwa uso wa mtu, kwa rangi ya ganda, kwa kukumbuka kama mkulima huyu mwaka jana alileta nzuri. Mara nyingi nilipatia, na hilo ndilo lililoniharibu.

Sasa niwaambie habari za Rwegasira.

Rwegasira alikuwa munywani wangu. Ninyi wa siku hizi mnaita kila mtu rafiki, lakini munywani ni ndugu wa kuchanjiana damu, naye hapatikani sokoni. Tulikuwa vijana, bado hatujabatizwa, nadhani ilikuwa miaka ya mwanzo mwanzo ya Mwingereza. Wazee walitukalisha kwenye mkeka mmoja. Wakaleta tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda la kahawa, kama mnavyojua, kuna punje mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo. Wakazitenganisha. Wakatuchanja kidogo karibu na kitovu, punje yangu ikapakwa damu yangu akaimeza yeye, yake ikapakwa damu yake nikaimeza mimi. Kisha maneno yakasemwa: nyumba yangu ni yako, adui yako ni wangu, na atakayemdanganya mwenziwe, tumbo na limvimbe.

Baadaye mchungaji alitwambia hayo ni mambo ya giza na tuyaache. Tukasema ndiyo. Lakini utaachaje kitu kilichokwisha kumezwa? Jioni zetu zote tulikaa pamoja, kwake au kwangu, mrija mmoja huyu mrija mmoja yule, kibuyu kati. Nilipoanza kupoteza meno yeye ndiye mtu wa pili kujua, ingawa sikumwambia. Aliona tu. Alianza kunichagulia ndizi iliyoiva sana, ananisogezea bila neno, anaendelea na hadithi zake.

Alikuwa na tamaa moja Rwegasira, nayo ni bati. Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi wa zamani, na ulikuwa unavuja. Mkewe alikuwa na kifua kibovu, kila masika akikohoa mpaka majirani wanahesabu. Mwaka ule Rwegasira alisema, ndugu yangu, nimechoka kuhamisha kitanda mvua inaponyesha. Mtu akiwa kijana analala palipo pakavu, akizeeka anataka pakavu pamfuate alipolala. Kahawa yake ya mwaka ule ilikuwa nyingi. Yote ilikuwa ya bati. Nilimsaidia kupanga hata mahali pa kupitisha mfereji wa maji.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya msimu. Lori la mwisho lilikuwa linasubiriwa na ghala lingefungwa baada ya siku tatu. Na siku chache kabla yake, magunia yetu mengine yalikuwa yamerudishwa kutoka Bukoba yakiwa na ukungu. Ni yale niliyoyakagua kwa ulimi. Msimamizi wetu hakunifokea. Aliniita pembeni akaniambia kwa heshima kabisa kwamba likirudi gunia jingine bovu, atalazimika kutafuta mkaguzi mwingine. Basi nikarudi kwenye kiti changu na hofu, na mtu mwenye hofu hutupa vyote, vibovu kwa vizuri.

Rwegasira akaja na baiskeli, gunia limelala nyuma, mengine mawili yamebebwa na mashemeji zake. Mstari ulikuwa mrefu nyuma yake. Mvua ya kwanza ilikuwa inaanza kupiga bati la ghala. Nikazamisha mkono, vidole havikuniambia kitu. Nikatikisa konzi, nikasikia mvua. Nikamenya punje nikaitia mdomoni, nikaisogeza ufizi huu na ufizi huu, na punje ikateleza tu, haina habari na mimi. Nikagonga ulimi. Msimamizi alikuwa amesimama pale.

Nikasema, "Haijakauka. Rudisha."

Rwegasira alinitazama mdomoni, mahali alipokuwa akinisogezea ndizi mbivu. Kisha akaniuliza polepole, kwa sauti ya watu wawili tu:

"Umeiuma?"

Nikamwambia, "Nimeiuma."

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Angeweza kusema. Neno moja tu: waitu, jamani, huyu mzee hana meno, fungueni mdomo wake mwone. Kahawa yake ingekaguliwa na mwingine, bati lake lingepatikana, na mimi ningekwenda nyumbani na aibu yangu. Alikuwa na haki hiyo, na watu wote walikuwa wanasikiliza. Akainama, akafunga mdomo wa gunia kwa ile kamba ya mgomba, akawaambia mashemeji zake, "Mkaguzi amesema." Wakageuza baiskeli.

Punje ile nilikuwa nimeitemea mkononi. Sijui kwa nini niliitia mfukoni. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anamenya ndizi, nikampa nikamwambia hebu iume hii. Akaiuma. Ka! Akatema vipande viwili kwenye maganda, akasema imekauka hii kama jiwe, ya nani? Nikasema ya mtu mmoja.

Ghala lilikuwa wazi siku mbili zaidi. Nataka mlishike hilo. Kutoka kwangu mpaka kwa Rwegasira ni kuteremka bonde moja na kupanda. Ningeweza kwenda jioni ile ile nikamwambia lete, nilikosea. Lakini angerudi na kahawa ile ile, mvua inanyesha, na kila mtu angeuliza imekaukaje kwa siku moja ya mvua. Ningelazimika kufungua mdomo. Siku ya kwanza nilijiambia nitakwenda kesho. Siku ya pili nilikwenda mpaka bondeni, nikanawa miguu, nikarudi. Siku ya tatu lori lilipakia likaondoka.

Kahawa yake ilikaa ndani ya msonge ikingoja msimu mwingine. Mnajua kilichotokea. Nyumba iliyovuja juu ya kitanda ilivuja juu ya magunia. Kufika masika ilikuwa imefanya ukungu wa kijivu, akaimwaga shambani kama mbolea. Nilisikia kwa watu. Yeye hakuja tena jioni, na mimi sikwenda. Kibuyu changu nilikinywa na mrija mmoja.

Tumbo lilinivimba. Naam. Baada ya wiki mbili hivi lilianza kujaa na kuunguruma, suruali haifungiki, nikajua kiapo kimenipata. Mimi, mzee wa kanisa. Nikajikokota mpaka zahanati ya misheni, nikamweleza mganga kwamba nina ugonjwa wa kizamani usio na dawa yake. Akanibonyeza huku na huku. Akaniuliza, mzee, maharage unayatafuna? Nikasema "Mm." Akaniambia nifungue mdomo, nikafungua, naye akawa wa kwanza kunichungulia baada ya mke wangu. Akasema basi ni hayo, unameza mazima mazima, mwambie mama ayaponde zaidi. Yalipondwa, tumbo likapungua, lakini mimi moyoni sikukubali kwamba yule mganga alijua ugonjwa wote.

Mwaka uliofuata Rwegasira alihama. Mkewe alikuwa na ndugu upande wa Kyerwa waliowapa shamba. Alipita mbele ya ghala na mbuzi wake wawili na vigoda vyake, akanisalimia vizuri kama mtu anavyomsalimia mkaguzi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Najua kwa sababu niliendelea kuitwa mwenye haki.

Nilikaa kwenye kiti kile misimu mingine minne. Siku ya kuagwa walinipa blanketi na koti, na msimamizi akatoa hotuba. Alisema miaka yote hiyo Nyaishozi ilikuwa na jino lisilohongeka. Watu wakapiga makofi. Nilisimama kujibu, nikasema "Mm," wakapiga makofi tena. Nilirudi nyumbani nikamkumbuka Tata Ishengoma na kile kipande cha jani la mgomba, na nikaona aibu kwa kila aliyenisikia nikimwigiza.

Baada ya hapo nilikuwa na muda mwingi, na mzee mwenye muda mwingi huzungumza na makosa yake. Mwaka juzi niliamua kwenda Kyerwa. Nilipanda lori mpaka Kayanga, nikapata jingine la mbele, kisha nikatembea. Kijana mmoja alitaka kunishika mkono kwenye mteremko, nikamkatalia kwa hasira, halafu nikakaa kwenye kila kisiki nikijifanya nakagua mashamba ya watu. Njia ya nusu siku ilinichukua siku nzima, na mibuni ya njia nzima naijua.

Nilimkuta amekaa mlangoni pa msonge. Bado nyasi. Mkewe aliniona kwanza, akaniamkia, akakohoa, akaenda kumgusa bega. Rwegasira alikuwa amezeeka vibaya sana, nilitaka kumhurumia mpaka nilipoona naye ananihurumia mimi. Akanikalisha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, maneno yangu nimeyapanga, mafupi, ya faragha, ya watu wawili. Nikamsogelea nikasema kwa sauti ya chini, ndugu yangu, ile kahawa.

Akaweka mkono sikioni. Alikuwa hasikii. Masikio yote mawili, si moja kama mimi.

Nikarudia. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akanionyesha niongeze sauti. Basi jambo nililolificha miaka yote, ambalo nilishindwa kumnong'oneza kwa kuteremka bonde moja, nililisema Kyerwa kwa kupiga kelele. Nilipiga kelele kwamba sikuwa na meno. Nilipiga kelele kwamba sikuiuma. Kuku walikimbia. Majirani walisimama kwenye migomba na majembe yao, wanasikiliza mzee mgeni anavyojitangaza kwamba alidanganya, kwamba ilikuwa imekauka kama jiwe, kwamba alijua siku ile ile. Nilipomaliza nilikuwa nahema na mate yamenijaa kidevuni.

Rwegasira akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, kwamba alijua tangu pale pale, kwa sababu sauti ya punje iliyokauka si ile, ile ilikuwa ya ulimi. Nikamwuliza kwa kelele kwa nini hakusema. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linachomoza upande wa Karagwe. Akasema alikuwa amekula damu yangu. Akaongeza kwamba alinisubiri zile siku mbili, na baada ya hapo alinisubiri hata lori lilipokwisha kuondoka, si kwa ajili ya kahawa tena.

Nikajifuta mate kidevuni kwa kiganja.

Mkewe akaleta kikapu kidogo cha amwani, zile kahawa za kutafuna zilizochemshwa na majani na kukaushwa, anazopewa kila mgeni anayefika kwa heri. Rwegasira akachagua moja. Akaimenya kwa kucha, polepole, vidole vyake navyo vimekakamaa, akatoa punje mbili. Moja akaitia mdomoni mwake. Nyingine akanipa mimi.

Nikaitia mdomoni. Nikaisogeza ufizi huu na ufizi huu. Yeye naye, naona mashavu yake yanavyokwenda, huku na huku, hakuna kinacholia. Akaniinamia, macho yanacheka, akauliza:

"Mkaguzi, imekauka?"

"Sijui," nikamwambia, kwa sauti aliyoweza kuisikia. "Sina meno."

Akafungua mdomo wake wote akacheka, nikaona naye hana hata moja. Nami nikafungua wangu. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu siku nilizokuwa na meno.

Kisha wingu likapasuka. Mkewe akachukua chungu, akakiweka ndani katikati, mahali anapopajua, na sisi wawili tukachukua vigoda vyetu, tukaingia, tukakaa pembeni pasipovuja.